Konserto ya Kwanza Iwe Chini ya Uwezo wa Mwanafunzi

Walimu wenzangu, wazazi, na ninyi vijana mliojibana kule nyuma wakati viti vya mbele viko wazi: wakubwa zangu shikamooni, na wengine wote habari za mchana.

Nimepewa nusu saa nizungumzie namna ya kumchagulia mwanafunzi wa piano konserto iliyo rahisi, yaani kipande anachopiga yeye pamoja na okestra. Nitajitahidi nisizidishe, maana mwenyekiti ananifahamu na ameshavua saa yake akaiweka mezani.

Hali yenyewe mnaijua. Kijana anaendelea vizuri, amefaulu mtihani wa muziki wa gredi ya sita au ya saba kati ya nane, siku moja anaingia darasani anasema, "Mwalimu, nataka kupiga konserto." Unamuuliza ipi. Karibu kila mara atataja ya mtunzi Grieg, au ya pili ya mtunzi Rachmaninoff, kwa kuwa ndizo alizozisikia kwenye simu. Hapo mwalimu hufanya moja kati ya mawili. Ama anamkatisha tamaa, anamwambia hayo ni ya wakubwa, asubiri. Ama anamkubalia, wanaanza kwa shangwe, na mwaka unakwisha wakiwa ukurasa wa tano, kijana amekaza mabega na mzazi anauliza ada yake imekwenda wapi.

Mimi nasema konserto apewe, tena apewe mapema. Ila iwe rahisi kuliko kipande kigumu kabisa anachokimudu akiwa peke yake. Sisemi iwe sawa nacho. Iwe chini yake kwa gredi moja, ikibidi mbili. Mengine yote nitakayosema leo yanatoka humo.

Mtoto akipiga peke yake, muda ni wake. Akifika penye taabu anapunguza mwendo, na hakuna anayemdai. Akikosea anarudi nyuma kidogo, anarudia, na mashangazi waliokuja kumsikiliza hata hawatambui. Kwenye konserto kuna wenzake wanaokwenda. Inabidi ahesabu wakati hapigi, asikie violini zinamalizia wapi, aingie hapo hapo, na akipotea asisimame wala asirudi nyuma, bali aruke mbele adandie kama mtu anayedandia daladala iliyokwisha kuondoka. Kazi hiyo peke yake inakula nusu ya akili. Ikiwa vidole navyo vinataka akili yote, lazima kitu kimoja kiachwe, na kwa kawaida kinachoachwa ni masikio. Anaacha kuisikia okestra. Hapo hakuna konserto tena. Kuna watu wawili wanaopiga vitu viwili ndani ya chumba kimoja.

Niwaguse kidogo watu wa makanisani, maana naona mko wengi humu. Kijana anayepigia kwaya kinanda kila Jumapili ana mtaji ambao mwanafunzi wa sebuleni hana. Amezoea kumtazama mwongozaji. Amezoea besi kuchelewa. Amezoea ubeti kurudiwa bila taarifa. Akipotea hasimami, kwa sababu akisimama kwaya nzima itamgeukia. Huyo unaweza kumpa konserto mapema kuliko mwenzake wa gredi hiyo hiyo. Kasoro yake iko upande wa pili: amezoea kufuata tu. Konserto ina mahali ambapo yeye ndiye mwenye usemi, na hapo utamsikia anaupiga wimbo mkuu kwa unyenyekevu, kana kwamba anasubiri soprano waingie. Usimkemee. Mwambie aimbe kwa sauti huku anapiga, utaona mkono wa kulia unavyopata nguvu.

Sasa urahisi unapimwaje? Wengi wetu hufungua ukurasa wa kwanza. Ukurasa wa kwanza unadanganya, kwa sababu pale mtunzi anamkaribisha tu msikilizaji. Mimi hufungua katikati ya sehemu ya kwanza, pale muziki unapoanza kuhamahama kutoka skeli hii kwenda ile, kisha natazama kurasa mbili za mwisho wa sehemu ya mwisho. Ninampa mwanafunzi vipande hivyo viwili aende navyo nyumbani. Akirudi akavipiga kwa theluthi mbili ya mwendo unaotakiwa, bila kusimama, tunaanza. Akishindwa, tunatafuta nyingine kabla hajaipenda sana.

Halafu rula. Msicheke. Kutoka katikati ya ufunguo mmoja mweupe hadi katikati ya ule wa nane, yaani oktava, ni karibu sentimita 16.5. Ukitaka mkono ufike noti ya kumi, ni zaidi ya sentimita 21. Zile noti nzito zinazofungua konserto ya pili ya Rachmaninoff, hata wapiga piano wakubwa wengi huzivunja, wanabonyeza ya chini kwanza ndipo wafuate za juu, kwa kuwa mkono haufiki. Sasa mtoto wa miaka 12 ambaye oktava anaishika kwa ncha za vidole, ukimpa kurasa za oktava za Grieg atakachojifunza ni kukaza kifundo cha mkono, na ugonjwa huo kuutibu baadaye ni kazi ya miaka. Ndiyo maana nikiulizwa nianzie wapi, nakimbilia karne ya 18. Watunzi Haydn na Mozart wanadai vidole vyepesi na akili tulivu. Mkono mpana hawaudai sana.

Kipimo cha tatu ndicho kinachosahauliwa na watu wengi, nacho ni nani atakayepiga okestra. Hapa kwetu kumpata mpiga obo ni shida, na wapiga honi wawili ndio usiseme. Lakini violini mbili na chelo moja ukihangaika utazipata. Kwa bahati nzuri zipo konserto zilizoandikwa kwa hao watu watatu tu. Haydn mwaka 1764 aliandika moja katika C meja, kwenye orodha ya kazi zake iliyopangwa na Hoboken ni XIV:4, kwa kinanda, violini mbili na besi, ambayo chelo wetu ataipiga. Ina sehemu tatu, ya katikati ni minueti, dansi ya mapigo matatu, na mwanafunzi wa gredi ya tano aliyetulia anaiweza. Mozart naye ana tatu, K. 107 (hiyo K ni namba katika orodha ya kazi zake), ambazo msingi wake ni sonata za Johann Christian Bach, yule mtoto wa Bach mkubwa aliyeishi London. Mozart alikutana naye huko akiwa na miaka minane, mwaka 1764, na alimpenda maisha yake yote. Baadaye alichukua sonata tatu za opus 5, yaani chapisho la tano la huyo Bach, akaziongezea violini mbili na besi, zikawa konserto katika D meja, G meja na E bemoli meja.

Mnaona faida yake kwa mwalimu? Mwanafunzi anaweza kujifunza sonata yenyewe kwanza, peke yake, kama kipande cha kawaida. Ikishakaa mikononi unamletea violini. Noti nyingi anazijua tayari, kwa hiyo akili yote inabaki kwa wenzake. Kama ningeruhusiwa kuwapendekezea kitu kimoja tu leo, ningewapa ile ya D meja ya K. 107, nikaenda kunywa chai.

Kwa walio wadogo zaidi, wa miaka tisa au kumi, kuna walimu wa Marekani walioandika konserto za watoto makusudi. Watafuteni Jean Williams, Helen Boykin, Robert Vandall. Huko kuna mashindano ya vijana ambapo mwanafunzi anapiga piano moja na mwalimu anapiga sehemu ya okestra kwenye piano ya pili, na vipande hivi vimeenea kupitia humo. Wapo wenzetu wanaovidharau kwamba si muziki halisi. Mimi sioni kosa. Mtoto wa miaka tisa aliyehesabu vipimo (bar) vinane vya kunyamaza akaingia sawasawa amejifunza jambo ambalo sonatina kumi hazitamfundisha. Ila asikae huko miaka mitatu.

Tupande ngazi. Bach mkubwa, konserto katika F maina, BWV 1056 katika orodha ya kazi zake. Yote ni kama dakika kumi, na okestra ni nyuzi tupu. Naipendelea kwa sababu ambayo haiandikwi kwenye majalada ya vitabu: mpiga kinanda anaanza pamoja na wenzake tangu noti ya kwanza, na karibu hapumziki hadi mwisho. Hakuna kukaa mikono mapajani huku moyo unadunda, unasubiri zamu. Kwa mtoto mwenye woga wa jukwaa, hilo ni kubwa. Sehemu ya katikati, ile Largo ya polepole, violini zinadonolewa kwa vidole, tuk, tuk, tuk, na mkono wa kulia wa piano unaimba juu yake wimbo wenye mapambo mengi. Mwanafunzi atataka kuupamba zaidi kwa kupunguza mwendo kila penye noti nyingi. Mkatalie. Mdonoo ule ndio saa. Keti kwenye piano ya pili, donoa bila huruma, na yeye atafute namna ya kuzipanga noti zake ndogo ndani ya muda aliopewa. Siku ya kwanza atanuna. Baada ya wiki ataanza kusikia kwamba uhuru upo, ila upo kati ya mdonoo mmoja na mwingine. Na mwambie mapema kwamba Largo haifiki nyumbani: inaishia hewani, kama sentensi iliyokatwa, na sehemu ya mwisho inaipokea. Asije akainua mikono na kuinama kwa wasikilizaji pale.

Inayofuata kwa kawaida ni Haydn katika D meja, XVIII:11, iliyochapishwa mwaka 1784. Hii ndiyo mpenzi wa walimu duniani kote, na inastahili. Sehemu ya mwisho ina ladha ya Kihungari, watoto wanaipenda kabla hata hawajaizoea. Tatizo lake ni lile ambalo Bach hakutupa. Okestra inaanza peke yake kwa dakika moja na ushee, na mtoto amekaa. Nimewaona watoto wakitazama dari. Nimewaona wakijipangusa jasho kwenye sare. Dawa yake ni ya zamani na ni halali kabisa: enzi za Haydn na Mozart mpiga kinanda hakukaa bure, alipiga sauti ya besi pamoja na okestra. Basi mwandikie mwanafunzi wako ile besi, noti moja moja, mkono wa kushoto, kwa sauti ya chini. Atafika kwenye mlango wake akiwa tayari ndani ya mwendo. Vipimo vinne vya mwisho kabla ya zamu yake aache, aweke mikono, avute pumzi.

Kuhusu kadenza, pale okestra inaponyamaza na mpiga piano anabaki peke yake, fupi inatosha. Sekunde ishirini za mawazo safi ni bora kuliko dakika mbili za skeli za kukimbizana. Ukiweza, iandike pamoja na mwanafunzi.

Mozart mwenyewe, konserto za mwaka 1782 hadi 1783 alizoziandika Vienna, K. 413, 414 na 415, alimwandikia baba yake kwamba ziko katikati ya kilicho kigumu mno na kilicho rahisi mno. Kwamba zina mahali ambapo wajuzi pekee wataonja utamu wake, lakini hata asiyejua atafurahi bila kujua kwa nini. Hicho ndicho kipimo chetu, na aliyekitoa alikuwa anatafuta wateja. Alizitangaza kwamba zinaweza kupigwa hata na violini mbili, viola na chelo tu, bila obo wala honi, ili watu wazinunue wapige majumbani. Ile ya A meja, K. 414, ndiyo ningempa kijana wa gredi ya nane. Kadenza zipo, za mkono wake.

Na kama una wanafunzi wa viwango tofauti, kuna K. 242. Mwaka 1776 kule Salzburg, Mozart aliiandika kwa ajili ya bibi mmoja wa ukoo wa Lodron na mabinti zake wawili, piano tatu. Piano ya tatu, ya binti mdogo, ni nyepesi kuliko nyingine mbili kwa mbali. Mtu mwenye kipaji kile hakuona haya kumpimia mtoto kiasi chake. Nawaambia hasa walimu wanaoona kwamba kumpa mwanafunzi kitu chepesi ni kujidhalilisha.

Sasa zile zinazoitwa rahisi na si rahisi. Ya pili ya Shostakovich, opus 102. Aliiandika mwaka 1957 kwa ajili ya kijana wake Maxim, aliyeipiga siku anatimiza miaka 19, na kwa sababu hiyo imepata sifa ya konserto ya wanafunzi. Sehemu ya katikati kweli mtoto wa kawaida anaweza kuisoma, na ni nzuri ya kuliza. Lakini fungua ya mwisho: mapigo saba kwa kipimo kimoja, kwa kasi, halafu Shostakovich anamtania kijana wake kwa kumwekea mazoezi ya vidole ya Hanon katikati ya muziki. Wanafunzi wakiyatambua hucheka sana. Wakianza kuyapiga kicheko kinakwisha. Maxim alikuwa anahitimu mafunzo Moscow, na wetu yuko kidato cha pili.

Ya tatu ya Kabalevsky, ya mwaka 1952, ni mkweli zaidi. Iliandikwa kwa vijana wa Kisovyeti kweli kweli, pamoja na dada zake za violini na chelo, na inasikika ngumu kuliko ilivyo, jambo ambalo vijana hulipenda kuliko yote. Kumbukeni tu kwamba Kabalevsky na Shostakovich bado wana hakimiliki, noti zinunuliwe. Za Bach, Haydn na Mozart nakala za zamani zinapatikana bure, ingawa nyingi zina alama za pedali na nguvu ya sauti ambazo mtunzi hakuziweka.

Kuna na Mendelssohn, G maina, opus 25, ya mwaka 1831. Piano inaingia karibu mara moja, hakuna kusubiri. Ila inaingia na oktava, kwa hiyo rudi kwenye rula. Karne ya 19 kila mwanafunzi wa Paris alikuwa anaipiga, mpaka mtunzi Berlioz akaitungia kichekesho. Alisema kwenye mtihani mmoja wanafunzi kama thelathini waliipiga mfululizo kwenye piano ile ile ya Érard, na wa mwisho alipoondoka, piano ikaanza kuipiga yenyewe. Fundi akaitwa, akainyunyizia maji ya baraka, wapi. Wakazing'oa funguo, nazo zikaendelea kurukaruka. Wakaikata kwa shoka, kila kipande kikacheza kivyake, hadi wakakitia motoni. Wale mliowahi kusimamia mashindano ambayo watoto wote wameleta kipande kimoja mnajua kwamba mzee hakutia chumvi sana.

Mzazi mmoja ameniuliza kabla hatujaanza: nyumbani tuna kinanda cha umeme cha funguo 61, je, mtoto wangu anaweza? Jibu langu ni ndiyo, kwa karne ya 18, na kwa tahadhari. Piano ya Mozart nayo ilikuwa na funguo 61. Lakini yake ilianzia F ya chini, na hiki cha dukani huanzia C iliyo juu ya hapo, kwa hiyo noti chache za chini kabisa zitakosekana. Mwalimu azihamishe oktava moja juu kwa muda. Tatizo kubwa zaidi ni uzito: funguo za kinanda hicho ni laini, na mtoto akikutana na piano yenyewe siku ya onyesho atadhani imekwama. Apate piano halisi japo mara moja kwa wiki, mwezi mzima kabla ya siku hiyo.

Na kinanda hicho hicho kina kazi nyingine. Mahali penye piano moja tu, na ndivyo ilivyo mahali pengi kwetu, mwanafunzi apige piano na mwalimu apige okestra kwenye kinanda cha umeme. Chagueni sauti ya nyuzi, isiyo na mwangwi mwingi. Kabla ya yote sikilizeni kama vyombo viwili vinapatana. Kinanda kinatoka kiwandani noti ya A ikiwa mitetemo 440 kwa sekunde. Piano iliyokaa miaka pwani bila fundi huwa imeshuka chini ya hapo, wakati mwingine karibu nusu noti, na mtoto mwenye sikio zuri atateseka bila kujua kinachomtesa. Ndani ya mipangilio ya vinanda vingi kuna mahali pa kushusha sauti nzima kidogo kidogo. Shusheni kinanda kiifuate piano. Msimwambie fundi aipandishe piano ya zamani kwa siku moja, nyuzi zinaweza kukatika.

Mwenyekiti ameinua saa. Nilimwahidi kwamba hatutaondoka bila kusikia kitu, kwa hiyo nawaomba wale wawili wa pale mlangoni waje mbele. Mkubwa atakaa kwenye kinanda, tumeshakishusha asubuhi. Mdogo atakaa kwenye piano. Watapiga sehemu ya kwanza ya ile ya Mozart ya D meja, K. 107, na nimemwambia mkubwa kwamba mwenzake akiteleza asimsubiri.